Kwa Mwanangu Aliyenizaa

Mwanangu,

Usicheke kwanza. Najua ukiona neno hilo utashika mbavu na kumwita Papa aje asikie. Lakini ni wewe uliyenizoesha. Tangu nipate akili unaniita Mama, kwa sababu siku niliyozaliwa ulinipa jina la mama yako, Kahindo, aliyekufa kule Kibua kabla sijaja duniani. Kwenu Walikale, anayepewa jina la marehemu hapewi jina tupu, anapewa pia kiti chake. Ndiyo maana Papa, akitaka kunitania, hukataa kula mbele yangu na kusema anamheshimu mama mkwe wake. Ndiyo maana Mjomba, mdogo wako, akija kututembelea ananiita Mama hata mbele ya wageni, na kudai chakula kama mtoto aliyetoka kucheza. Basi kesho mtoto wangu anatoka nyumbani. Mama gani anamwacha mtoto wake aondoke bila neno?

Ningesema kwa mdomo, lakini unanijua. Nikiwa na neno kubwa sauti hunipotea. Shuleni mwalimu alisema sauti yangu imekaa kwenye kalamu. Shule nimeiacha, kalamu ningali nayo. Nawe ulijifunza kusoma kwa katekista kabla ya ubatizo, na hadi leo unasoma ukifuata mistari kwa kidole. Vizuri. Barua hii isome polepole kitandani kule hospitali ya Kirotshe, na ukichoka uiweke chini ya mto.

Sitakuambia habari ya blanketi, wala unga, wala sabuni. Mke wa Mjomba anayekusindikiza anayajua hayo kuliko mimi. Habari ya kumlea mdogo wangu Mapendo umeniambia wewe mara nyingi hata yeye mwenyewe, mdogo vile, anaweza kunifundisha. Nataka tuzungumze juu ya titi lako, ambalo daktari atalikata.

Tulianza vibaya, Mama. Mti ulipomwangukia Papa mguuni wakati anafyeka shamba la juu, ulimwachisha Mapendo kunyonya ghafla, kwa sababu kazi ya watu wawili ilikuwa imebaki kwako. Ulichukua panga ukamalizia kufyeka mwenyewe. Wanaume waliopita njiani walisimama kukuangalia, na mmoja akakuuliza kama umeota ndevu. Ukamjibu, "Zangu ziko njiani. Zako zinafanya kazi gani?" Akaenda zake, na kesho yake alirudi na panga lake akakusaidia hadi jioni.

Ni katika majuma hayo ulipogusa kile kijiwe upande wa kushoto. Kila mwanamke aliyekuja alisema jambo moja: maziwa yameganda. Hapa kwetu nani asiyelijua hilo? Maziwa yasiyonyonywa hugeuka jiwe, na jiwe huyeyushwa kwa moto. Nikachemsha maji na majani, nikalowesha kitambaa, nikakukanda kila siku ulipotoka shambani. "Kanda tena, Mama, kanda kwa nguvu," uliniambia huku umeuma ncha ya kanga. Nilijivunia mikono yangu. Kila nilipomaliza nilikuuliza, "Imepungua?" Ukajibu, "Imepungua kidogo." Ulisema hivyo ili nisikate tamaa. Haikupungua hata kidogo.

Nimefikiri sana juu ya majira yale. Jiwe la maziwa huuma na huwa na joto. Hili lilikuwa baridi na halikuuma, ila nilipokukanda. Hatukujiuliza kwa nini. Tulikosea, mwanangu, kwa sababu tulijua. Tungekuwa hatujui chochote, tungeenda kuuliza mapema. Siku hizi nikiona jambo ambalo watu wote wana jibu lake tayari, nasita kidogo. Hilo nimelipata kwa titi lako, na si kwa darasa lolote.

Ngozi ilipoanza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa na chuchu kuingia ndani, ulikwenda kwenye dispanseri ya Kibabi bila kutuaga, kana kwamba unakwenda kununua chumvi. Muuguzi wa pale akakutuma kwa daktari, Kirotshe. Ulikwenda peke yako, na uliporudi ulikaa chini mlangoni, miguu yako ina vumbi hadi magotini. Papa alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka na mguu wake umefungwa vipande vya mianzi.

"Wanasema nini?" Papa akauliza.

"Wanasema ni kansere. Ugonjwa wenye kula muntu ndani. Wanataka kukata titi yote kabla haiyatembea."

"Itatembea wapi?"

"Mahali itapenda."

Wewe ukageuka ukaniuliza kama maharagi ya bondeni yamepaliliwa.

"Weye mwanamuke!" Papa akafoka. "Unatuletea habari ya lufu, ya kufa, kisha unauliza maharagi?"

"Lufu haitatupalilia, Papa Kahindo."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Sikulia kwa huzuni peke yake. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya machozi yale ambacho sikukijua jina lake siku ile. Sasa nakijua. Nilikuwa najivunia wewe, na nilidhani ni dhambi kujivunia mtu wakati ule.

Kisha ikaja siku ya chemchemi. Habari ilikuwa imetangulia mbele yetu. Wanawake walikuwa wamekaa wakisubiri zamu ya maji, na tulipofika maneno yakakatika kama uzi. Mmoja akasogeza kibuyu chake mbali na chetu. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuvuta nguo nikakunong'oneza, "Mama, twende, tutarudi baadaye." Ukaweka mtungi chini. Ukafungua nguo kifuani mbele ya wote.

"Muangalie," ukawaambia. "Mumeongea sana bila kuona. Muangalie muzuri."

Mimi nilikuwa natazama majani.

"Haiume. Njo maana ilinidanganya. Haiko uchawi, haiko maziwa ya kuganda. Mukuye karibu, muguse. Na mukifika ku nyumba, muguse na zenu."

Yule bibi mwenye mdomo mkali anayekaa karibu na kanisa akasema, "Sasa unataka tulipe kwa kuangalia?"

"Weye utalipa mara mbili," ukamwambia, "macho yako haione muzuri, utaangalia mara mbili."

Wakacheka. Walicheka wote, na yule bibi zaidi, na wa kwanza kunyoosha mkono akagusa alikuwa ni yeye. Uso wake ulibadilika. Aliondoa vidole vyake taratibu kama mtu anayemwachia ndege, akakufunga nguo mwenyewe. Kibuyu kilichokuwa kimesogezwa kikarudi karibu na chetu. Siku chache baadaye mke wa mchungaji wa ng'ombe alikuja kwetu kwa kisingizio cha kuomba moto, akakuomba umguse. Kwake hapakuwa na kitu, akaondoka anaimba, na moto aliouomba akausahau.

Nilikuwa nikidhani kuona haya ni heshima, kwamba msichana mwema ni yule asiyesikika. Pale chemchemi niliona haya yangu haimsaidii mtu yeyote. Hata sasa ninayo, sitakudanganya. Lakini sisemi tena kuwa ni heshima.

Nakuomba jambo moja katikati ya barua, nisije nikasahau: usiniombe tena msamaha kwa ajili ya shule. Nimekusikia mara nyingi ukiwaambia watu, "Huyu mutoto alikuwa na akili, mateso yetu njo ilimutoa ku masomo." Ndiyo, mguu wa Papa ulikula mbuzi wetu na ukala karo yangu. Ungekula nini kingine? Papa sasa anasimama kwa fimbo, na juzi alifika hadi kwenye migomba. Nikimwona anasimama, naona masomo yangu yanasimama. Sisemi hivyo ili upoe moyo. Nilitaka kuwa mwalimu na ningali nataka. Lakini sikunyang'anywa, Mama. Nilitoa.

Sasa tufike kwenye siku ambayo sisi wawili hatujaizungumzia, ingawa ndiyo inayokupeleka kesho.

Daktari alitaka jamaa zako wakubali kabla hajashika kisu. Papa aliogopa kujibu peke yake, na sikumlaumu. Mume akikubali mkewe akatwe, na mke akafa, watu wa kwao watauliza: tulikupa mzima, umeturudishia nini? Kwa hiyo Papa akamwita Mjomba. Alitoka Kibua kwa miguu, chupa ya mafuta ya mawese mkononi, na kama kawaida yake akaanza fujo tangu uani.

"Mama! Mutoto wako anafika na njaa, weye unasimama tu kama muti? Mama gani huyu?"

Nikakimbia jikoni. Nikampikia ugali wa muhogo na maharagi na yale mafuta yake. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akanisifu, "Mama angali anajua kupika." Wewe ulikuwa umekaa kando unachambua mbegu ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Papa akamweleza yote kwa utaratibu, kisha akasema, "Shemeji, ulinipatia dada yako akiwa muzima. Sitaki kesho muntu wa kwenu aseme nilimurudisha kipande."

Mjomba aliacha mchezo. Alisema kwenu hakujazikwa mwanamke aliyekatwa. Alisema mtu atakwenda kwa wazee wake vile alivyotoka kwao.

"Na akienda kwao na matiti yote mbili mwaka huu, utafurahi?" Papa akamwuliza.

"Usinitese, shemeji. Miye ni mudogo wake. Mudogo anaweza kusema dada yake akatwe? Baba haiko. Mama angekuwa, angesema, na sisi wote tungesikia. Lakini Mama haiko."

Nilikuwa nimesimama na bakuli la maji ya kunawa.

"Mama iko," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida. Nikasema tena, "Mama iko hapa."

Mjomba akageuka na kicheko tayari mdomoni, akidhani ni ule mchezo wetu. Akaona uso wangu. "Unasema nini, mutoto?"

"Sasa umeniita mutoto? Muda si mrefu uliopita nilikuwa mama wa kukupikia."

Papa akakohoa. Najua kikohozi kile, hakikutoka kifuani.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga shambani, nikipalilia, kama hotuba ya siku ya kufunga shule. Yote yalinikimbia. Nilibaki na machache. "Umekula chakula cha mama yako," nikamwambia. "Sikia na neno yake. Huyu ni binti yangu. Akatwe, apone."

Mjomba akatazama sahani yake tupu. "Nimekamatwa," akasema. Kisha akavua kofia, na hapo haukuwa mchezo tena. "Mama, umesema. Miye ninasikia."

Wewe hukuinua kichwa. Mkono wako ulikuja ukashika mguu wangu, pale juu ya kisigino, ukaushika kwa nguvu. Ukasema, "Ndiyo, Mama." Nimesikia sauti yako ikiita kuku, ikigombana, ikiimba kanisani, lakini ile sikuwa nimeisikia kamwe. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo. Nafikiri ndivyo ulivyomjibu bibi kule Kibua, ulipokuwa na umri wangu. Nikakaa chini karibu nawe, na maji yote yakamwagika kwenye mbegu zako.

Mjomba akarudi kwao, akauza mbuzi waliokuwa wakitunzwa kwa ajili ya jina langu, uzao wa mbuzi mmoja ambaye bibi alimwacha kabla hajafa. Ndio wanaokupeleka hospitalini. Sikuwahi kuwaona, na sasa nawapenda kuliko wote niliowahi kuchunga.

Lakini tangu siku ile, Mama, nimeishi na hofu ambayo sikukuambia. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Njo huyu. Anatuma mama yake ku kisu." Sikugeuka. Nilihesabu mawe ya njia hadi nyumbani ili nisifikiri. Kwa sababu ni kweli kwamba nilisema. Na ni kweli kwamba daktari hakuahidi. Alisema tu kwamba usipokatwa anajua mwisho, na ukikatwa hajui. Nilichagua kutokujua kwake. Nilichagua juu ya mwili ambao si wangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mtu ambaye sikumwona hata mara moja.

Jana, nilipokuwa napukuchua maharagi nyuma ya nyumba, nilikusikia ndani ukizungumza na Papa. Ukuta wetu ni wa matete, haufichi kitu. Ulimwambia: "Kama sirudi, usikubali muntu aseme njo Kahindo alinituma. Useme miye mwenyewe nilikubali, kule kule mbele ya daktari, na mutoto hakuwa hata amefungua kinywa. Unanisikia? Useme vile hata wakikukasirikia."

Papa akauliza, "Njo kweli ulikubali kule?"

Ulianza kumwita Mapendo aje avae nguo, na Mapendo alikuwa amevaa.

Ndiyo maana naandika. Sijui kama ulikubali kule Kirotshe au umebuni ili unikinge. Sikuulizi, na ukirudi sitakuuliza. Kama ulikubali, basi sikukutuma popote. Nilisimama tu karibu nawe, na hilo linanitosha maisha yangu yote. Lakini kama umebuni, nakukataza. Nakukataza kama mama yako, na ni mara ya mwisho natumia kiti hiki: usinibebee. Umebeba shamba, umebeba Papa, umebeba Mapendo mgongoni huku jiwe limekukaa kifuani, nawe unasema imepungua kidogo. Neno nililosema ni langu. Lilinitoka mimi, ambaye siwezi hata kumsalimu mwalimu bila kutazama miguu yangu, na sijawahi kusema neno ambalo nalipenda kama lile.

Nakuruhusu uogope. Wakikulaza mezani, ogopa kadiri unavyotaka, mshike mkono yeyote atakayekuwa karibu, lia kama Mapendo. Hapo hakuna mtu wa kumwonyesha nguvu. Tumeshaziona.

Ukirudi, titi moja au vyovyote utakavyorudi, nitakungoja pale njia inapoonekana kutoka mlima wa pili. Nitakuita kwa sauti kubwa hata wale wanaolima upande wa pili waache majembe wageuke. Nitaona haya, na nitaita hivyo hivyo. Na usiporudi kwa miguu yako, Mama, nitasimama pale pale na kuita kwa sauti ile ile, mbele ya wote watakaokuwa wamekubeba na wote watakaokuwa na la kusema. Nitawaambia: huyu ni wangu. Mimi nilisema aende, na alikwenda wima, hakuvutwa na mtu.

Binti yako,
Kahindo